Shule maalumu Uingereza: Kabla hujamkatia kijana wako tiketi ya kurudi nyumbani

Simu ya shule huingia saa nne asubuhi, mzazi akiwa kazini. Kijana amepindua meza, au amemtukana mwalimu, au amejifungia chooni tangu kipindi cha kwanza na hataki kutoka. Tafadhali njoo umchukue. Wiki inayofuata simu inaingia tena. Baada ya miezi michache inafika barua, na ndani yake kuna maneno mawili yanayomkosesha mzazi usingizi: shule maalumu.

Kwa familia za Waswahili wanaoishi London, Leicester, Reading au Birmingham, barua hiyo huzaa simu nyingine, ya kupiga nyumbani Dar, Mombasa au Bukavu. Jibu linajulikana hata kabla upande wa pili haujapokea. “Mwanangu, huyo mtoto mmemdekeza. Samaki mkunje angali mbichi. Mlete huku tumtie bweni, atanyooka.” Shangazi anasema kwa upendo, mjomba anaunga mkono, na mzazi anaanza kuulizia bei ya tiketi.

Kabla ya tiketi, ni vizuri mzazi ajue barua ile ilikuwa inazungumzia nini.

Jina ndilo linalotisha

Afrika Mashariki, mtu akisema shule maalumu, wengi hufikiria wanafunzi wasioona, viziwi au wenye ulemavu wa akili. Akisema shule ya watoto watukutu, Mtanzania anafikiria Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, na Mkenya anafikiria Shimo la Tewa, Mombasa. Huko mtoto hufikishwa kwa amri ya mahakama.

Shule inayotajwa kwenye barua ya Uingereza haimo katika makundi hayo mawili. Kijana hajatiwa hatiani kwa kosa lolote, na huenda akili yake darasani ni kali kuliko ya wenzake. Tatizo lake linaitwa mahitaji ya kijamii, kihisia na afya ya akili. Kifupi chake huko ni SEMH, na herufi hizo nne mzazi atazikuta kwenye kila karatasi.

Jina hili ni jipya. Baada ya vita kuu ya pili, kanuni za elimu za mwaka 1945 ziliwaita watoto hawa kwa neno lenye maana ya “wasioendana na mazingira”. Baadaye wakaitwa wenye matatizo ya hisia na tabia. Mwongozo wa serikali ulioanza kutumika kufuatia Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 ndio ulioondoa neno “tabia” kwenye jina na kuweka “afya ya akili”.

Mabadiliko hayo yana uzito. Neno likiwa “tabia”, swali la mwalimu huwa ni adhabu gani itamfaa. Neno likiwa “afya ya akili”, analazimika kuuliza ni nini kinamsumbua. Mwongozo wenyewe unasema mtoto anaweza kuonyesha hali hii kwa fujo na ukaidi, lakini pia kwa kujitenga na kunyamaza, na kwamba nyuma yake kunaweza kuwa na wasiwasi uliokithiri, sonona, kujidhuru, matumizi ya dawa za kulevya au matatizo ya kula.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo wazazi wengi hupitwa, hasa wa mabinti. Mvulana anayerusha kiti anaonekana na kila mtu. Msichana anayeumwa tumbo kila Jumatatu, asiyekula mchana, anayevaa mikono mirefu hata jua likiwaka, husifiwa kwa utulivu. Shule za aina hii zimejaa wavulana, lakini hiyo haina maana kwamba wasichana hawateseki.

Ndani ya lango

Shule hizi ni ndogo. Shule ya sekondari ya kawaida ya Uingereza inaweza kuwa na wanafunzi 1,000 na zaidi, na darasa moja 30. Kwenye shule ya SEMH darasa mara nyingi halizidi vijana 8 au 10, na mwalimu ana msaidizi mmoja au wawili. Wengi hufika kwa teksi au basi dogo linalolipiwa na halmashauri, kwa sababu shule iko mbali na nyumbani.

Siku nyingi huanza na kifungua kinywa, na mezani wapo walimu pia. Mgeni anaweza kuona kama upotevu wa muda. Lakini kwenye mkate na chai ndipo mtu mzima anapotambua nani hakulala, nani aligombana na mama yake asubuhi, nani leo asiguswe. Kila kijana huwa na mtu wake mmoja wa kumwendea. Kuna chumba cha kutulia hasira zikipanda. Wapo wataalamu wa saikolojia na wa mawasiliano, na katika baadhi ya shule wapo wanaotibu kwa muziki au michoro. Hesabu, Kiingereza na sayansi vinafundishwa vilevile, pamoja na upishi, ufundi magari au ususi.

Viboko havipo. Vilipigwa marufuku kwenye shule za umma za Uingereza mwaka 1987, na kwenye shule za binafsi za England muongo mmoja na kitu baadaye. Mzazi aliyekulia kwenye fimbo huuliza kwa mshangao watoto wa namna hii wanadhibitiwaje. Jibu la walimu wazoefu ni la kuchosha: kwa ratiba isiyobadilikabadilika, kwa mipaka inayorudiwa kila siku, na kwa mtu mzima ambaye kesho yake bado yupo hata baada ya kutukanwa.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1930 George Lyward alianza kuwapokea vijana walioshindikana kwingine, na kwa miaka mingi akawalea Finchden Manor, karibu na Tenterden, katika jimbo la Kent, mpaka alipofariki mwaka 1973. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni mwanamuziki Tom Robinson, ambaye ameeleza hadharani jinsi alivyofika huko akiwa amekata tamaa ya kuishi akiwa na miaka 16. Mwaka 1977 nyimbo zake zilikuwa zikipigwa kwenye redio nchi nzima.

Karatasi inayofungua mlango

Mzazi hawezi kwenda tu kuandikisha mtoto kwenye shule hizi kama anavyofanya shule ya jirani. Kwa kawaida kinachohitajika ni mpango wa elimu, afya na huduma za jamii, unaofahamika kwa kifupi EHCP. Ni hati ya kisheria, inatolewa na halmashauri ya eneo unaloishi, na inaweza kuendelea mpaka kijana afike miaka 25. Mwanzoni mwa mwaka 2025 zaidi ya watoto na vijana 600,000 wa England walikuwa nayo. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini wana taratibu zao, kwa hiyo ushauri wa ndugu wa Glasgow haumfai mzazi wa Luton.

Wazazi wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba tathmini wao wenyewe. Si lazima shule ikubali, wala mtoto awe tayari na jina la ugonjwa kutoka hospitali. Barua ya ukurasa mmoja kwa halmashauri inatosha kuanza, ikieleza kwamba mtoto huenda ana mahitaji maalumu na huenda akahitaji mpango. Kipimo cha sheria katika hatua hiyo ni “huenda”. Kusubiri mpaka daktari wa akili wa watoto ampokee ni kosa linalowagharimu wengi, kwa maana foleni ya huduma hiyo ni ndefu.

Halmashauri ina wiki 6 kuamua kama itafanya tathmini, na kazi yote mpaka mpango kamili inatakiwa iishe ndani ya wiki 20. Hiyo ndiyo sheria. Uhalisia ni kwamba katika miaka ya karibuni karibu nusu tu ya mipango mipya imetoka ndani ya muda huo. Hivyo andika tarehe ya barua yako kwenye daftari, na wiki ya 6 ikipita kimya, piga simu.

Rasimu ikifika, mzazi ana siku 15 za kutoa maoni, na hapa ndipo pa kukaza macho. Kifungu B kinaeleza mahitaji ya mtoto. Kifungu F kinaeleza msaada atakaopata. Kifungu I kinataja shule. Kifungu F kikisema “atapata ushauri nasaha inapobidi”, umepewa hewa. Kikisema “saa 1 ya mtaalamu wa saikolojia kila wiki, mtu na mtu”, halmashauri inabanwa na sheria kuitoa. Rudisha rasimu mara mbili, mara tatu, mpaka maneno yawe na idadi.

Jambo moja zaidi kuhusu vikao hivyo: usimfanye mtoto mwenyewe kuwa mkalimani. Kijana wa miaka 14 hawezi kukaa mezani na kumtafsiria mama yake jinsi mwalimu anavyomwona. Omba mkalimani mapema, kwa maandishi.

Halmashauri ikikataa

Inakataa mara nyingi, na sababu kubwa ni fedha. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilionyesha katika ripoti yake ya Oktoba 2024 kwamba nafasi moja kwenye shule maalumu ya binafsi hugharimu kwa wastani takriban pauni 61,500 kwa mwaka, wakati kwenye shule maalumu ya umma ni takriban pauni 23,900. Shule ikishatajwa kwenye Kifungu I, mzazi halipi hata senti. Mlipaji ni halmashauri, na ndiyo maana inavutana.

Kukataliwa si mwisho. Lipo baraza la rufani la mahitaji maalumu, na kufungua shauri hakuna ada. Muda ni miezi 2 tangu tarehe ya barua ya uamuzi, au mwezi 1 tangu kupata cheti cha usuluhishi, kutegemea ipi inakuja mwisho. Katika miaka ya karibuni, mashauri yaliyofika hatua ya kuamuliwa yamewaendea wazazi, angalau kwa sehemu, kwa zaidi ya asilimia 90. Tatizo ni foleni. Kusubiri kunaweza kufika mwaka, na mwaka kwa mtoto wa miaka 14 ni mrefu sana.

Msaada wa bure upo. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na huduma ya ushauri kwa wazazi, kwa kifupi SENDIASS, na lipo shirika la hiari la IPSEA lenye mifano ya barua ambazo mzazi anajaza jina na kutuma.

“Njoo umchukue”

Ile simu ya saa nne nayo ina sheria zake. Shule ikimtuma mtoto nyumbani “akapoe” bila kuandika rasmi kwamba imemsimamisha, inavunja sheria, hata kama mzazi amekubali. Uliza kwa upole: “Je, mwanangu amesimamishwa rasmi? Naomba barua.” Barua hizo baadaye ndizo ushahidi kwamba shule ya kawaida imeshindwa kumhudumia. Asiye na barua hana la kuonyesha.

Kusimamishwa hakuwezi kuzidi siku 45 za shule katika mwaka mmoja wa masomo. Mtoto akifukuzwa kabisa, bodi ya shule inapaswa kuupitia uamuzi huo ndani ya siku 15 za shule, na mzazi ana haki ya kufika na kuzungumza. Kuanzia siku ya sita, halmashauri inatakiwa iwe imempatia elimu ya kutwa mahali pengine.

Kuna mtego mmoja wa kuogopa. Mkuu wa shule anamwita mzazi na kumwambia kwa sauti ya kirafiki kwamba ni afadhali amwondoe mtoto mwenyewe, adai anamfundisha nyumbani, kuliko rekodi yake ichafuke. Mzazi mwenye aibu husaini. Akishasaini, wajibu wa kumsomesha unakuwa wake, na shule imetua mzigo. Usisaini chochote siku hiyohiyo.

Hofu yenye historia

Si haki kuwacheka wazazi weusi wanaoogopa shule maalumu za Uingereza. Mwaka 1971 mwalimu Bernard Coard, mzaliwa wa Grenada aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa wahamiaji kutoka Karibi walivyokuwa wakirundikwa kwenye shule za walioitwa “wenye uwezo duni wa elimu”. Wengi walipelekwa kwa sababu ya lafudhi, upweke wa ugenini na mitihani isiyowafaa. Makundi hayo ya kisheria yalikuja kufutwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1981.

Kivuli chake hakijaondoka chote. Mapitio ya Edward Timpson kuhusu kufukuzwa shule, yaliyotolewa Mei 2019, yalikuta kwamba watoto wenye asili ya Karibi wana uwezekano mara 1.7 zaidi ya Waingereza weupe wa kufukuzwa kabisa. Mapitio hayohayo yalionyesha kwamba asilimia 78 ya waliofukuzwa walikuwa na mahitaji maalumu, au wakiangaliwa na ustawi wa jamii, au wakistahili chakula cha bure kwa umaskini wa familia.

Kwa hiyo mzazi ana sababu ya kuuliza maswali magumu. Nayo shule maalumu yenyewe si lazima iwe nzuri kwa kuwa ni ghali. Mwaka 2022 jopo la kitaifa la ulinzi wa watoto lilitoa ripoti kuhusu vituo vitatu vya bweni vya binafsi huko Doncaster, ambako zaidi ya watoto 100 wenye ulemavu na mahitaji mazito walikuwa wamepelekwa. Wengi wao walidhalilishwa na kuumizwa na waliolipwa kuwalea.

Ripoti za wakaguzi wa Ofsted zinasomwa bure mtandaoni, na pa kuanzia ni kurasa zinazohusu usalama. Kisha nenda mwenyewe, siku ya masomo, si jioni ya maonyesho. Uliza mwaka jana walimu wangapi waliondoka. Uliza ni mara ngapi wanafunzi hushikwa kwa nguvu, nani anaandika, na mzazi anajulishwa lini. Uliza vijana wa mwaka wa 11 waliopita wako wapi sasa. Mkuu anayekasirika kwa maswali hayo amekusaidia kuamua.

Na ile tiketi?

Wapo waliorudishwa Afrika wakatulia. Hilo lisikataliwe. Kijana aliyekuwa akivutwa na marafiki wabaya akipata bibi, binamu na usingizi wa kutosha, anaweza kuwa mtu mwingine. Lakini anayesumbuliwa na sonona au kumbukumbu za mambo mazito anasafiri nazo. Akifika anakuta bweni la vijana mia kadhaa. Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko shuleni. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Dawa alizoanzishwa hazipatikani kila mji. Na kule alikotoka, halmashauri inaweza kuufunga mpango wake kwa kuwa hayupo tena eneo lake. Akirejea baada ya miaka 2, safari inaanza upya, akiwa na miaka 16 badala ya 14.

Mahakama nazo zimeanza kulitazama jambo hili. Februari 2025 Mahakama Kuu ya London ilikubaliana na wazazi waliompeleka mwanao wa miaka 14 bweni nchini Ghana, wakihofia anaelekea kwenye magenge. Kijana alikata rufaa, na Juni mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamkubalia na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Alikuwa amewasiliana na mawakili mwenyewe, akiwa hukohuko bweni.

Sauti ya kijana ina nafasi hata kwenye ule mpango. Kuanzia mwaka wa 9, kikao cha kila mwaka cha kuupitia lazima kizungumzie maisha ya utu uzima: chuo, kazi, pa kuishi, afya. Akifika mwisho wa umri wa lazima wa shule, yaani mwaka wa miaka 16, haki za kisheria zinahamia kwake. Yeye ndiye atakayeomba tathmini, yeye ndiye atakayekata rufaa, na barua ya halmashauri itaandikwa jina lake. Mzazi atasoma ikiwa kijana atamwonyesha.